Shingo ya Tulinagwe na Kengele ya Mkwe

Mwanamke wa Busale hupimwa kwa shingo. Mpunga ukishavunwa na njia za mashambani zikawa uji, gunia hupanda juu ya kichwa cha mwanamke, na mwanamume hutangulia mbele akiwa amebeba ushauri. "Angalia hapo pana utelezi," atasema, kisha ateleze yeye, mikono mitupu, na alaumiwe mwenye gunia kwa kumsemesha.

Tulinagwe alizaliwa Ngana, akaolewa Busale na Amon, mtoto wa Mzee Hezroni. Mavuno yake ya kwanza akiwa mke wa mtu, mama mkwe wake, Felista, alimwongezea debe zima juu ya gunia, kwa hoja kwamba wasichana wa Ngana wamekuzwa kwa maziwa na wasipobebeshwa wataharibika. Walifika kwenye gogo la kuvukia mfereji. Mguu wa Tulinagwe ukaenda kulia, gunia likaenda kushoto, na shingo, iliyokuwa katikati kama msuluhishi, ikapata kile ambacho msuluhishi hupata siku zote.

Gunia ndilo lililookolewa kwanza. Mpunga ukilowa unaota. Mtu akilowa, walisema, anakauka.

Daktari wa Mbeya alimwambia kwamba pingili za shingo zimesagana, na huko kiunoni kuna kitu kimetoka mahali pake na sasa kimeegemea mishipa inayopeleka habari miguuni. Akampa kola ngumu ya kuvaa shingoni, na makatazo: asibebe kitu kichwani, asiiname kutwa, asilale chali penye ugumu.

"Na siku ukishika mimba," daktari aliongeza, "mkunga asikulaze chali akakukunja kidevu kifuani. Mwambie kabla hajakugusa. Vinginevyo unaweza kuondoka na mtoto ukaiacha miguu."

Felista alisikiliza maneno yote hayo na kuyafupisha kwa ajili ya majirani. "Daktari amemwandikia uvivu," alisema. "Ule wa kumeza kutwa mara tatu."

Tangu hapo habari hiyo iliimbwa zaidi kwenye kwaya ya akina mama, alikoimba Felista, kuliko wimbo wowote wa kitabuni. Wakati wa kupandikiza mpunga, wenzake wakiwa wamepinda kama ndoano matopeni, Tulinagwe alisimama kwenye tuta akigawa miche, wima, na kola yake nyeupe, kama bibi harusi aliyetoroshwa. Felista alipaza sauti ili wifi wa kijiji cha pili naye asikie: "Sisi hata mbwa hatumfungi shingo. Mkamwana ndiye tumemfunga!"

"Mbwa wenu mngemfunga," Tulinagwe alijibu, "asingeng'ata watu akiwa kwenye kwaya."

Hivyo ndivyo walivyosalimiana asubuhi. Jioni ilikuwa mbaya zaidi.

Sasa lazima ieleweke habari ya wakwe, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo. Katika nyumba ya Kinyakyusa inayoshika mila, mke wa mtoto na baba wa mume hawaonani. Wanaishi ua mmoja na kula chungu kimoja, lakini hawatazamani, hawasemezani, na jina la mzee halipiti mdomoni mwa mkamwana hata akiwa ndotoni. Mwanamke akisikia kikohozi chake hugeuza uso, huchepuka migombani, hujifunika kanga mpaka mheshimiwa apite. Hiyo inaitwa heshima. Ukiichunguza vizuri utaona kwamba heshima yote hiyo imekaa sehemu moja, kwenye shingo ya mwanamke, na waliotunga mila hawakuacha maelekezo ya shingo iliyoharibika.

Tulinagwe aligeuka mwili mzima. Aligeuka kama kabati linalohamishwa kwenye chumba chembamba: pembe hii, halafu pembe ile, halafu apumzike. Mzee Hezroni naye, kwa kuwa ni mtu wa adabu, akimwona anahangaika alizunguka upande wa pili ili kumrahisishia. Basi kabati likimaliza kugeuka, wanakutana macho kwa macho. Mzee Hezroni, mzee mzima wa kanisa, alipiga kelele kama aliyekanyaga nyoka. Akarudi alikotoka. Kabati likaanza tena.

Ikafika mahali Mzee Hezroni, mwenye pawatila, lile trekta dogo la kulimia, ya pekee kitongojini, aliyeogopwa na vibarua na kusalimiwa na diwani, akawa anachungulia dirishani kwake kama mwizi kabla ya kwenda chooni.

Kikaitishwa kikao cha ukoo. Wazee walikaa barazani, Tulinagwe akakaa nyuma ya ukuta kama desturi ilivyotaka. Felista alisema mkamwana anamkodolea mkwe macho makusudi. Mjomba mmoja akapendekeza Tulinagwe atembee na kanga usoni, mwingine akamkumbusha kuwa uani kuna kisima cha kutumbukia. Walipochoka kutoa hekima, sauti ikatoka nyuma ya ukuta.

"Shingo yangu inataka taarifa mapema. Ng'ombe wake wamevaa kengele, tunawasikia tangu mtoni. Na yeye avae."

Mjomba akacheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi, kikohozi kikamtoa machozi. Lakini ubaya wa kikao ni kwamba wazo likishatajwa na wengine hawana lao, linapita. Likapita.

Ndivyo Mzee Hezroni alivyoanza kutembea na kengele ya ng'ombe shingoni. Ilisikika ikitoka kwake, ikivuka migomba, ikipita chini ya mikakao, na Tulinagwe alipata nafasi ya kutosha kugeuza kabati. Mila ikatimia. Tatizo lilikuwa ndama. Ndama hawakuwa wamehudhuria kikao. Walimfuata mpaka kanisani, na Jumapili moja akiwa anapitisha sahani ya sadaka, mmoja wao alisimama mlangoni akamwita.

Mzee hakumsamehe Tulinagwe. Felista hakumsamehe mara mbili, moja ya kwake na moja ya mumewe. Tulinagwe naye hakuomba msamaha, kwa hiyo hesabu ilikaa sawa.

Mimba ilipoingia, mpango ulikuwa aende Mbeya mapema, kwa daktari anayejua mifupa yake. Kola, ambayo siku hizo aliivaa akitoka tu, na kadi ya kliniki viliwekwa tayari kwenye begi. Lakini mvua za Kyela hazifuati kadi ya mtu. Zilishuka asubuhi moja kama zilizotumwa, mito ikapanda barabarani, na uchungu wa Tulinagwe, ambao haukuwa zamu yake bado, ukaja nao kutazama mafuriko.

Amon alikuwa Itungi, kwenye kibarua chake cha kuchomelea vyuma. Alipopigiwa simu alisema yuko njiani. Njiani ni mahali Amon amekuwa akiishi tangu utoto.

Bodaboda aliitwa. Akafika, akatazama tope, akatazama tumbo, akamtazama Tulinagwe alivyoshika nguzo ya baraza kwa mikono yote miwili, akasema anakwenda kuongeza mafuta. Hakuonekana tena. Ilibaki pawatila na tela lake la kubebea mpunga. Na pawatila ilikuwa na dereva mmoja, ambaye hakuwahi kumruhusu hata mwanawe kuigusa.

Mzee Hezroni akaja kengele ikilia, akasimama ameupa ua mzima mgongo, akaongea na mgomba uliokuwa mbele yake.

"Waambieni wapakie."

"Alazwe chali kwenye tela," Felista akaamuru, "afunikwe turubai la kuanikia mpunga. Hataona mtu, na mtu hatamwona."

"Chali nitalala kwenye jeneza," alisema Tulinagwe.

"Mdomo hauumwi, naona."

"Ndicho kiungo pekee ulichosahau kukiongezea debe, mama."

Kwenye tela palikuwa na namna moja tu iliyomwezekania: apige magoti kwenye magunia matupu, aegemee mbele, ashike ubao ambao dereva hukalia upande wake wa pili. Maana yake pua ya mkamwana iwe nyuma ya kisogo cha mkwe, kiasi cha kuhesabu mvi. Felista aliona janga hilo akatafuta dawa. Akafungua mwavuli akauweka katikati ya wawili hao, akaushika kama ngao. Kisha akanyakua begi mlangoni akapanda. Lilikuwa begi la maandazi. Lile la kola na kadi lilibaki limeegemea ukuta. Kusahau nako kuna wenyewe.

"Mama," Tulinagwe akasema, "mwambie anipe ile kengele. Nikiipiga apunguze mwendo. Nikiipiga sana asimame."

"Mwambie mwenyewe."

"Unajua siwezi."

"Basi kaa kimya."

Mzee Hezroni, ambaye alikuwa amesikia kila neno na kwa mila hakuwa amesikia lolote, akaivua kengele akairusha nyuma kupitia begani. Ikampiga Felista kwenye goti.

"Ndaga," Tulinagwe aliuambia mwavuli. Ni asante ya Kinyakyusa, ila hapo haikuwa na shukrani ndani yake.

Wakaondoka. Kila shimo, kengele. Kila uchungu, kengele. Watu walitoka barazani kuangalia, na kwenye kona mama mmoja aliyekuwa anakinga maji ya mvua akauliza kama ng'ombe huyo anauzwa. Penye mfereji upepo ukaubetua mwavuli, ukauchomoa mkononi mwa Felista, ukaupeleka kwenye jaruba la mpunga ukasimama huko kama uyoga. Sasa hapakuwa na kitu. Tulinagwe alimpumulia mzee wa kanisa kwenye shingo, mzee akaikaza shingo hiyo isigeuke hata nukta, na pawatila ikaenda hivyo na watu wawili wasioweza kugeuka, mmoja kwa ugonjwa na mwingine kwa heshima. Felista alifumba macho badala yao.

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa. Kwenye benchi la ukumbini, kwa bahati ambayo Felista hakuiomba, walikaa wenzake wa kwaya waliokuja kuchanjisha watoto, wote wakiwa na masikio yao. Mzee Hezroni alibaki nje kwenye pawatila. Kengele aliiokota kwenye tela akaivaa tena bila kufikiri, kama mtu anavyovaa saa.

Nesi aliyekuwa zamu aliitwa Samira, binti wa wauza vitenge wa Kyela mjini. Alikuwa amesimama tangu alfajiri, na mtu aliyesimama tangu alfajiri hataki historia.

"Panda kitandani. Lala chali. Nikikwambia sukuma, kidevu kifuani, unasukuma."

"Siwezi kulala chali, sista. Shingo yangu mbovu na mgongo mbovu. Daktari wa Mbeya alisema nikilazwa hivyo miguu inaweza kufa."

"Kila anayekuja hapa ana mgongo. Mimi mwenyewe nina mgongo. Kadi iko wapi?"

Tulinagwe akamtazama Felista. Felista akafungua begi. Maandazi yakamtazama Samira.

"Haya, mama, wewe ndiye unayeishi naye," Samira akasema. "Ni kweli anaumwa shingo?"

Hapo ndipo Felista angeweza kusema ndiyo, na mambo yakaisha. Lakini mlango ulikuwa wazi, na benchi zima la kwaya lilikuwa limeacha kunyonyesha ili lisikie vizuri. Hao ndio aliowaambia, msimu baada ya msimu, kwamba shingo ile ni ya kuigiza. Na ukikubali kuna shingo iliyoumia, mtu atauliza iliumizwa na nini, na mwingine atakumbuka debe.

"Uongo mtupu," akasema Felista. "Huyu ana afya ya punda. Anaigiza tangu aolewe. Mlaze tu, sista, akizoea atanyamaza."

"Mama!"

"Mlaze."

Samira akaita mhudumu. Wakamshika huku na huku, wakamkalisha kitandani, wakaanza kumlaza. Kitanda cha chuma, godoro jembamba kama chapati ya hoteli. Mgongo ulipogusa pale, kitu kilimchoma kutoka kiunoni mpaka kidoleni, halafu mguu wa kushoto ukanyamaza. Haukuuma tena. Ulinyamaza tu, kama simu ya Amon.

Wanawake wengine wakifika hapo humwita Mungu, au mama. Tulinagwe hakuwa na imani na mama yeyote aliyekuwa karibu. Akavuta pumzi na kupiga ukelele uliotoka mlangoni, ukavuka ukumbi, ukafika kwenye pawatila.

"Hezroni! Hezroni, waambie!"

Jina. Jina lenyewe, tupu, bila baba mbele wala mzee nyuma, kutoka mdomo wa mke wa mtoto wake. Benchi la kwaya likapigwa na butwaa. Mmoja akaweka kiganja mdomoni, mwingine akaweka kiganja kwenye mdomo wa mtoto wake. Felista akadondosha maandazi.

Halafu kengele ikasikika.

Ilikuja taratibu, ikapanda ngazi, ikapita mbele ya benchi. Mzee Hezroni aliingia chumba cha kuzalia kinyumenyume, mgongo mbele, koti la kanisani limemganda kwa mvua, mkono mmoja ukipapasa ukuta, macho ameyakaza kwenye mlango alikotoka. Alisimama alipogonga meza ya dawa.

"We babu, toka!" Samira alifoka. "Huku haingii mwanamume!"

"Sijaingia. Uso wangu uko nje," alisema mzee. "Nesi, mimi ni mzee wa kanisa. Unaona nini shingoni mwangu?"

Samira akatazama. "Kengele."

"Ya nani?"

"Naona… kama ya ng'ombe."

"Ya ng'ombe. Nimeivaa kwa sababu ya shingo ya huyo aliyeko nyuma yangu. Haigeuki. Niliambiwa haigeuki, nikavaa. Ndama wamenifuata mpaka kwenye sadaka. Watoto wa shule wananikamua kwa mbali." Sauti yake ilikuwa imepanda, na si kwa huruma. "Sasa nasikia mke wangu anasema shingo hiyo ni nzima. Kama ni nzima, Felista, mimi ni nani? Nijibu mbele ya nesi na mbele ya kwaya yako. Miaka yote hii nimekuwa nani?"

Felista aliinama akaanza kuokota maandazi.

"Shingo yake mbovu," mzee akauambia mlango. "Mgongo wake mbovu. Kichwa chake ndicho kibovu kuliko vyote, ila hicho daktari hakukitaja. Alianguka na gunia, na debe juu yake, na aliyeliweka debe hilo mnamwona. Msimlaze chali."

Akatoka akienda mbele, kwa haraka kuliko ustaarabu ulivyoruhusu, kengele ikigonga kila kizingiti.

Samira alimgeukia Felista. Hakumtukana. Alimtazama tu, mtazamo wa mtu anayechagua kisu kwa baadaye. Kisha akamwinua Tulinagwe kwa mkono chini ya mgongo, polepole, na kumwuliza, "Unataka kuzaaje?"

"Kwa magoti. Kama nilivyokuja."

Godoro likashushwa sakafuni. Samira akamkalisha Felista ukingoni mwa kitanda, miguu imeachana, na kuuegemeza mwili wa Tulinagwe hapo. "Shika kichwa chake. Mkono mmoja paji la uso, mkono mwingine kisogo. Kisiende mbele, kisiende nyuma."

"Mimi?"

"Kola mmeisahau nyumbani. Wewe ndiye kola."

Basi Felista akawa kola. Alikuwa kola ngumu, yenye hasira, inayonuka maandazi, lakini haikuteleza. Kila uchungu ulipokuja Tulinagwe alisukuma shingo ikiwa imenyooka, na kila ulipozidi alimng'ata mama mkwe kwenye paja, kwa utulivu, kama mtu anayekula muwa wake mwenyewe.

"Ananing'ata!"

"Usitikise kichwa chake," alisema Samira.

"Sista, ananing'ata kwa makusudi!"

"Najua. Usitikise."

Mtoto alitoka mchana, msichana, akilia kwa sauti iliyowafanya watu wa benchi waulize ni wa ukoo gani kisha wajijibu wenyewe. Samira alimfuta, akamweka kifuani mwa mama yake, halafu akafanya jambo ambalo Tulinagwe alikuwa analisubiri kuliko hata kilio cha mtoto. Alishika kidole gumba cha mguu wa kushoto akakifinya.

"Unasikia?"

Kimya.

Akafinya tena, kwa kucha.

"Nasikia," alisema Tulinagwe. "Achia, unaumiza." Na hapo ndipo alipolia, kidogo, akiwa ameugeuzia uso ukuta kwa kugeuza mwili mzima.

Kesho yake mvua ilikuwa imekatika. Mzee Hezroni alirudi kuwachukua, akaiegesha pawatila uani, akakaa ameupa mlango mgongo. Amon naye alikuwa ametokea, kutoka njiani, akiwa amebeba ndizi na maelezo. Wenzake Felista wa kwaya walikuja kwa wingi ambao haujawahi kuonekana kwenye mazoezi. Felista mwenyewe alipita katikati yao akichechemea, na hakuna aliyemwuliza kulikoni.

Tulinagwe alitoka kwa miguu yake. Taratibu, ameshika ukuta, kola shingoni, kwa kuwa Samira alikuwa amemtuma Amon kuifuata nyumbani na kumwambia arudi leo, si njiani. Mzee aliposikia hatua zile akatikisa kengele ili mkamwana apate muda wa kugeuka.

Mkamwana hakugeuka. Alisimama mbele ya pawatila, akamtazama usoni, na mzee ndiye aliyegeuza uso kuelekea migombani, shingo ikimwitikia vizuri sana.

"Baba," Tulinagwe akasema. Watu wakashusha pumzi. "Jina lilishatoka jana, halirudi. Kwa hiyo acha nikwambie. Vua hiyo kengele. Wewe ukija nilikuwa nakuona. Mvalishe mama, yeye ndiye sijawahi kumsikia akija."

Mzee Hezroni akaivua ile kengele, na shingo yake ilibaki na alama, mstari mweusi wa kamba. Hakumvalisha mkewe, alikuwa mzee wa kanisa, si kichaa. Aliifunga tu kwenye ubao wa tela, upande ule ambao Felista angekaa, akalikaza fundo mara mbili.

Wakapanda. Tulinagwe mbele na mtoto, ameegemea mito aliyoipanga Samira. Felista pembeni, mikono mapajani juu ya alama za meno. Na njia nzima ya kurudi Busale, kila shimo lilipofika, kengele ililia upande wake, na ndama wa watu wakatoka mashambani wakamfuata.